Kurkuma, mubirizi na vidole vya mama: mmea hufanya nini ndani ya askari wa mwili?

Dada mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia hivi: "Mama yangu ana miaka 58. Tangu mwaka jana vidole vya mikono yake yote miwili vimevimba, na asubuhi hawezi kufunga ngumi mpaka saa nne. Hospitali walimpima damu, wakasema ni rumatizimu ya viungo, wakampa prednisone na hidroksiklorokwini. Sasa jirani amemletea chupa ya dawa ya miti shamba: ina kurkuma (manjano kwa Watanzania), tangawizi, mubirizi wenye majani machungu, na vingine ambavyo hatujatajiwa. Muuzaji anasema inaongeza kinga na kuondoa inflamasio. Mama anataka kuacha vidonge abaki na chupa. Je, mimea hii inafanya kitu kweli kwenye askari wa mwili, au ni maneno ya soko?"

Dada yangu, msalimie mama. Kabla hatujafungua hiyo chupa, kuna jambo moja lisilongoja: mama asikate prednisone ghafla. Juu ya kila figo pana tezi ndogo inayotengeneza kortizoli kila siku, homoni ambayo prednisone huiiga. Mtu akimeza vidonge hivyo kwa wiki nyingi, tezi huona kazi inafanywa na mwingine, nazo hulala. Vidonge vikikatika leo, tezi haziamki kesho. Mgonjwa hulegea, hutapika, presha hushuka, na wapo wanaofia hapo. Prednisone hupunguzwa ngazi kwa ngazi, kwa hesabu ya daktari aliyeianzisha. Mwambie leo hii, kisha urudi tuendelee.

Jibu la swali lako ni ndiyo, mimea hufanya kitu. Mimi ni mfamasia, na dawa nyingi zilizo kwenye rafu zangu zina bibi yao porini. Lakini sikiliza vizuri alichosema muuzaji: inaongeza kinga, na inaondoa inflamasio. Hayo mawili yanagombana ndani ya chupa moja. Inflamasio ni kazi ya kinga yenyewe. Dawa inayoizima kweli huizima kwa kuwafunga mikono askari wa mwili, na dawa inayowachochea askari hao huleta inflamasio zaidi. Ukikutana na muuzaji tena, muulize mama anapewa ipi kati ya hizo mbili. Mama haumwi kwa kukosa kinga. Askari wake ni wengi na wana bidii, ila wamekosea adui: wanashambulia ngozi laini inayofunika viungo vyake kwa ndani. Kumwongezea kinga ni kumwaga petroli jikoni.

Natumia neno inflamasio kwa makusudi. "Uvimbe" peke yake hutuchanganya, maana jipu ni uvimbe na saratani pia huitwa uvimbe. Ninachozungumzia ni ile hali ya sehemu kuwa nyekundu, yenye joto, iliyojaa na inayouma, kama mguu uliokatwa na jembe jana yake.

Tumia huo mguu. Chini ya ngozi wapo makrofaji, chembe kubwa zinazokaa mahali pamoja kama wazee wa mtaa. Makrofaji akigusa kipande cha bakteria, habari hukimbia ndani yake mpaka kwa protini moja iitwayo NF-kappa B, iliyotambuliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen katika maabara ya David Baltimore huko Marekani. Siku za kawaida protini hiyo imefungwa na mlinzi wake nje ya kiini cha chembe. Habari ikifika, mlinzi huharibiwa, nayo huingia kwenye kiini na kuwasha jeni nyingi kwa mara moja. Chembe huanza kumwaga jumbe: TNF, interleukini 1, interleukini 6. Huanza pia kutengeneza kimeng'enya kiitwacho COX-2, ambacho huzaa prostaglandini, na hizo ndizo zinazoleta maumivu na homa. Jumbe hizo huwaita neutrofili, aina nyingine ya askari wa mwili, kutoka kwenye damu, nao huja wakijikokota kwa maelfu mpaka penye kidonda. Mguu ukipona, kelele hunyamaza. Kwa mama yako hainyamazi, kwa sababu kinachowakera askari ni mwili wake mwenyewe, na mwili hauna pa kwenda.

Kwenye njia hiyo ndefu mmea unaweza kuingilia mahali pengi, na historia ya dawa imejaa mifano. Gome la mti wa Ulaya uitwao Willow liliandikiwa na kasisi Edward Stone wa Uingereza mwaka 1763 kwamba hutuliza homa. Kutokana na ukoo wa kemikali iliyomo kwenye gome hilo, Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer alitengeneza aspirini mwaka 1897, na watu wakaimeza miaka zaidi ya 70 kabla mtafiti John Vane hajaonyesha, mwaka 1971, kwamba inazuia prostaglandini zisitengenezwe. Kuna ua liitwalo Colchicum, ambalo hutoa kolikisini, dawa ya jongo, ule ugonjwa wa kidole gumba cha mguu. Kolikisini hushika nguzo ndogo zilizo ndani ya neutrofili, zile zinazomwezesha kutambaa. Akikosa nguzo hatambai, na asipotambaa hafiki kwenye kiungo. Ni dawa nzuri, na ni sumu mbaya. Umbali kati ya dozi inayotibu na dozi inayoua ni mfupi mno, ndiyo maana hakuna daktari anayemruhusu mgonjwa achemshe ua hilo nyumbani.

Lakini mfano ninaoupenda uko kwetu. Kwenye vilima vya Kivu imepandwa miti ya kinkina tangu wakati wa Wabelgiji, na hapa Bukavu kiwanda cha Pharmakina hutoa kwinini kwenye gome lake. Sisi sote tumekua tukijua kwamba kwinini ni ya malaria. Mwaka 1894, daktari mmoja wa London, Joseph Payne, aliwapa kwinini wagonjwa wa lupusi, ugonjwa mwingine wa kinga inayomshambulia mwenyewe, akaona ngozi zao zinatulia. Baadaye, katika Vita vya Pili vya Dunia, askari waliopewa vidonge vya mepakrini ili wasipate malaria waliona vipele vyao na maumivu ya viungo vinapungua. Kutoka kwenye ukoo huo wa dawa za malaria ilikuja klorokwini, na kutoka kwa klorokwini ikaja hidroksiklorokwini ambayo mama yako anaimeza. Haitolewi kwenye gome, hutengenezwa kiwandani. Hata hivyo kiini chake cha kikemia ni kilekile cha kwinini, kama binamu mnaofanana pua.

Sasa tazama inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo mama atakapoelewa kwa nini anaona kama haifanyi kitu. Ndani ya chembe za kinga mna vifuko vyenye asidi vinavyoitwa lisosomu. Humo askari humeng'enya alichokula, kisha huwaonyesha wenzake vipande vyake ili wajue nani ni adui. Hidroksiklorokwini hujikusanya kwenye vifuko hivyo na kupunguza ukali wa asidi. Askari anabaki na chakula tumboni asichoweza kukimeng'enya wala kukionyesha, na tetesi za uongo kuhusu viungo vya mama hazisambai tena kama mwanzo. Kujikusanya huko huchukua muda. Mgonjwa husubiri miezi 2 au 3, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuhisi tofauti. Prednisone, ambayo inatuliza kwa siku chache, hupewa ili kumvusha kwenye muda huo. Kama mama ameanza wiki 5 zilizopita na amekata tamaa, amekata tamaa katikati ya mto. Mwulize pia daktari kuhusu macho: dawa hii ikizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, au ikitumiwa miaka mingi, inaweza kudhuru retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, kwa hiyo macho hupimwa mwanzoni na baadaye hufuatiliwa.

Kwa hiyo mama, akimeza kidonge hicho, tayari anatumia akili ya mti. Anachotaka kufanya ni kuacha ule uliopimwa na kuchukua ule usiopimwa.

Tufungue chupa. Kurkuma kwanza, kwa sababu ndiyo yenye sifa kubwa kuliko zote. Rangi yake ni kurkumini. Ukiwamwagia makrofaji kurkumini kwenye sahani ya maabara, NF-kappa B hubaki nje ya kiini, TNF hupungua, COX-2 hupungua. Matokeo hayo ni ya kweli na yameandikwa mara nyingi sana. Tatizo ni kwamba mama si sahani. Kurkumini haiyeyuki vizuri kwenye maji, utumbo huipitisha kidogo, na hicho kidogo kinachopita hufungwa na utumbo na ini kwa sukari maalumu na kutupwa nje haraka. Kinachofika kwenye kidole ni tone la kile kilichokuwa kwenye sahani. Mwaka 2017 mtafiti Kathryn Nelson na wenzake walipitia majaribio zaidi ya 120 ya kurkumini kwa binadamu, na hawakuona hata moja lililofanywa kwa kipimo kikali, mgonjwa na daktari wote wakifichwa nani anapata nini, ambalo lilifaulu. Walieleza pia kwamba kurkumini hudanganya vipimo vya maabara vyenyewe: inang'aa, inavunjika, inashikamana na protini yoyote iliyo karibu. Nadhani walikuwa wakali kidogo, maana yapo majaribio madogo ya magoti ambapo wagonjwa walisema wamepata nafuu. Lakini goti lililochakaa kwa umri si ugonjwa wa mama yako.

Piga hesabu ya jikoni. Kijiko kidogo cha unga wa kurkuma ni kama gramu 3, na katika unga kurkumini ni takriban asilimia 3. Hiyo ni miligramu 90. Wanaofanya majaribio hutoa miligramu 500 mpaka 1,500 kwa siku, mara nyingi kwa vidonge vilivyotengenezwa maalumu ili viweze kupita kwenye utumbo. Ili kufikia miligramu 1,000 mama angekula vijiko 11 kila siku. Nani atamwekea vijiko 11 kwenye mchuzi?

Muuzaji mjanja atakuambia uongeze pilipili manga, na hapo hatasema uongo. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, ile kemikali inayowasha kwenye pilipili manga, na kiasi kilichoingia kwenye damu kikapanda mara 20. Lakini jiulize piperini ilifanyaje. Ilimzuia mlinzi wa mlango. Mlango huo wa utumbo na ini ndio unaopunguza pia dawa nyingi za hospitali, prednisone ikiwamo. Ukiufunga kwa ajili ya kurkuma, umeufunga kwa wote, na dozi aliyoipima daktari haiko tena ileile. Kwenye sombe au mchuzi wa kuku, pilipili manga haina neno. Kwenye chupa iliyokolezwa, ni jambo jingine. Huko Marekani, mwaka 2022, watafiti wa magonjwa ya ini walieleza wagonjwa 10 walioumia ini kwa vidonge vya kurkuma. Baadhi ya vidonge hivyo vilikuwa na pilipili manga ndani yake, na mgonjwa mmoja alifariki.

Tangawizi sitaichelewesha. Ina jinjeroli, nazo huigusa COX kwa upole. Nafuu yake ni ndogo, hatari yake kwa kiasi cha chai ni ndogo pia, na tumbo lenye kichefuchefu huipenda. Mama anywe chai yake.

Mubirizi ndio unaonivutia mimi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenye milima ya Mahale, mwezi wa 11 mwaka 1987, mtafiti Michael Huffman alikuwa akimfuata sokwe jike aliyeitwa Chausiku, pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtanzania aliyejua miti ya pale kuliko mtu yeyote. Chausiku alikuwa mgonjwa, amelala mchana, hali. Akaenda kwenye kichaka cha mjonso, jina ambalo Watongwe huuita mmea huuhuu wa mubirizi, akachuma tawi. Majani akayatupa. Gome akalimenya akalitupa. Akatafuna ule moyo laini wa ndani ya shina, akamung'unya maji machungu, akatema nyuzi. Kesho yake alikuwa na nguvu. Kalunde ndiye aliyemweleza mgeni kwamba watu wa kwao hutumia mmea huo kwa tumbo.

Uchungu wa mubirizi unatoka kwenye kemikali za jamii ya laktoni, na nyingi za jamii hiyo zina kitu kama ndoano. Ndoano hiyo hunasa sehemu yenye salfa kwenye protini, zikiwamo protini zinazoiwasha NF-kappa B, na ndiyo sababu kwenye sahani hutuliza inflamasio. Ila ndoano haichagui samaki. Hunasa pia protini za chembe zenye afya, na dozi ikipanda ni sumu. Uchungu mkali wenye ndoano uko zaidi kwenye majani na gome, vile Chausiku alivyovitupa. Sisi tunachemsha majani, tena tunajisifu kwamba yakiwa machungu zaidi ndiyo yanaponya zaidi. Kuhusu dozi, sokwe ametushinda.

Sasa "vingine ambavyo hatujatajiwa". Hapa ndipo ninapoogopa. Miaka yangu nyuma ya kaunta nimewaona wagonjwa waliokuja wakisifu dawa ya mizizi iliyowanyanyua kitandani kwa siku 3. Baada ya miezi 2 uso umekuwa wa duara kama mwezi, miguu imejaa, sukari imepanda. Mizizi haifanyi hivyo kwa siku 3. Kortizoni, dawa ya ukoo wa prednisone, inafanya. Duniani kote imeshapatikana mitishamba iliyochanganywa kwa siri deksamethasoni au prednisone, ambazo ni za ukoo huo, au diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa sababu mteja aliyepona haraka hurudi na jirani yake. Mama akinywa chupa ya namna hiyo juu ya prednisone yake, anakunywa dozi isiyojulikana na mtu. Na kwetu ambako kifua kikuu hakijaisha, na ambako mnyoo wa strongiloidi unaweza kukaa mwilini kimya miaka mingi ukingoja kinga ilale, dozi isiyojulikana ya kortizoni inaweza kuua. Kwa hiyo dalili ya kuogopa ni chupa kufanya kazi upesi mno.

(Kichekesho ni kwamba hata kortizoni ina mmea nyuma yake. Daktari Philip Hench wa Marekani alimpa kortizoni mgonjwa wa rumatizimu kwa mara ya kwanza mwaka 1948, ikiwa imetolewa kwa shida kwenye nyongo ya ng'ombe. Baadaye viwanda vikaanza kuitengeneza kutokana na viazi vikuu vya Meksiko, na Waingereza wakatumia maji ya mkonge wa Afrika Mashariki, yale yanayobaki baada ya kutoa katani.)

Kama nyumbani kwenu hamtaki kuniamini mimi, amini damu. Ini hutengeneza protini iitwayo CRP kwa amri ya ile interleukini 6 niliyoitaja, na maabara nyingi za hapa mjini hupima CRP pamoja na VS, kipimo kingine cha inflamasio. Mpimeni sasa. Vidonge viendelee vilevile, chupa ikae kando, kurkuma na tangawizi ziingie kwenye chakula tu. Baada ya wiki 8 mpimeni tena, na mhesabu pia dakika: asubuhi mikono inakaa migumu muda gani? Kwa ugonjwa wa mama ukakamavu hupita saa nzima. Kwa kiungo kilichochakaa tu, nusu saa huwa imetosha. Mikono ikiacha kukaa migumu mpaka saa nne asubuhi, ikalegea saa moja na nusu, mtajua dawa imefika. Isipolegea mapema, daktari ana dawa nyingine za kuongeza, metotrekseti ikiwa ya kwanza. Na siku atakapoandikiwa hiyo, kurkuma ya vidonge iondoke kabisa nyumbani, maana zote mbili zinaweza kulichosha ini moja.

Kuna mmea mmoja ambao hakuna anayeuuza kwenye chupa: maharagi. Nyuzi zake hazimeng'enywi na sisi, huliwa na bakteria wa utumbo mpana, nao hutoa butireti. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwa panya kwamba butireti huzidisha chembe T za utulivu, zile zinazowaambia askari wengine waweke silaha chini. Kwa binadamu mwenye rumatizimu nguvu yake si ya kulinganishwa na vidonge, lakini haina mgongano na dawa yoyote anayomeza, na sahani ya maharagi na sombe kwa bugali mama anaijua kuliko mimi.

Mwisho, hiyo kurkuma ya chakula msinunue unga uliokwisha kusagwa ikiwa rangi yake inawaka kupita kiasi. Bangladesh waligundua mwaka 2019 kwamba wasagaji walikuwa wakiongeza kromati ya risasi ili unga ung'ae, na risasi hiyo ikaingia kwenye damu za watu. Nunua vipande vibichi, vile vinavyofanana na tangawizi ndogo. Vioshe, vikate, vianike, uvitwange mwenyewe. Na ile chupa usiimwage. Niletee ilivyo, na kifuniko chake, nami nitakueleza ni maabara gani inayoweza kuitafuta kortizoni ndani yake.